Lezi ya kompyuta: bora uliyoifungua mwenyewe kuliko iliyokuja imefungwa

Kuna mashine moja kila nikipita karibu nayo roho inaniuma. Iko kwenye karakana moja hapa Dodoma, sitaitaja, ni lezi ya kompyuta, mashine ya kukereza chuma inayojiendesha kwa programu, iliyokuja mpya kabisa kwenye kontena, skrini kubwa, mlango wa kioo, visu vinajibadilisha vyenyewe, na huu ni mwaka wa tatu imefunikwa turubai. Bodi moja ndani ya kontrola iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, bodi yenyewe anayo aliyeitengeneza mashine peke yake, na programu iliyomo imefungwa kwa nywila ambayo hapa hamna anayeijua, kwahiyo chuma chote kile kizima, spindeli, ule mhimili unaozungusha chuma, nzima, reli bado zinang'aa, vimelala kwa sababu ya kibao kisichozidi daftari la shule. Mwenye nayo aliniambia, "fundi, ile hela ningenunua trekta sa hivi nakula mpunga."

Msimamo wangu unaanzia hapo, na najua wapo wenzangu hawatakubali. Kwa karakana ndogo kama zetu za huku kati, njia ya kuingia kwenye kompyuta ni kuchukua lezi ya mkono uliyonayo, hiyohiyo ya zamani, ukaibadilisha wewe mwenyewe kwa mikono yako hadi ukajua kila waya umetoka wapi unaenda wapi. Watu wengi wanadhani naongelea bei. Bei ni kweli inasaidia, sisi tulitumia kama milioni 2.5 juu ya lezi ambayo tayari ilikuwa yetu, lakini hata ingekuwa bei sawa bado ningesema hivihivi, maana ninachoangalia mimi ni siku ile itakapokufa. Itakufa tu, mashine zote hufa siku moja, na siku hiyo swali ni nani anaweza kuifufua akiwa hapahapa Dodoma.

Sisi tuko upande wa Kizota. Ukikaa mlangoni kwetu siku nzima unaona mkoa mzima unaingia, mtu wa Bahi kaja na shafti ya pampu ya kisima imelika kwenye beringi, wa Kibaigwa ana puli ya mashine ya kukoboa imepasuka, mwenye lori anataka pini, na alizeti ikishaanza kuvunwa wanashuka wenye mashine za kukamua mafuta, wa Kongwa, wa Mpwapwa, wengine wanatoka Singida kabisa, bushi, yale mabomba mafupi ambamo shafti inazungukia, zimeisha, parafujo la kukamulia limelika meno linataka kujaziwa kwa kuchomelea halafu likerezwe upya. Kazi ya kipande kimoja mkono unatosha, wala usidanganywe kwamba kompyuta itakuzidi hapo, fundi mzuri anamaliza shafti ya pampu wakati mwenye kompyuta bado anaandika programu. Ila zile bushi za alizeti ni zilezile kila mwaka, saizi tatu nne hivi, wiki moja unaweza kutakiwa 40, na kwa mkono bushi ya asubuhi na bushi ya jioni hazifanani, mkono umechoka na jicho limechoka, unapima kila moja mara tano na bado mbili tatu zinaharibika. Hapo ndo wazo lilipoanzia.

Jambo la pili lililonisukuma ni nyuzi, na hili nataka nikae nalo kidogo kwa sababu ndo moyo wa lezi.

Lezi yetu ina skrubu ndefu inayosogeza kisu, ya kipimo cha milimita. Bomba za maji zinazotumika huku zina uzi wa BSP, unahesabiwa kwa inchi, kuanzia bomba la inchi 1 kwenda juu ni meno 11 kwa kila inchi, yaani hatua, umbali toka jino hadi jino, ya milimita 2.309. Kwa mkono ili uukate uzi huo sawasawa kwenye skrubu ya milimita unahitaji gia ya meno 127, sio 126 sio 128, kwa sababu inchi ni milimita 25.4 na ukiizidisha mara 5 ndo unapata namba kamili ya 127. Gia hiyo kwetu haikuwepo, ilipotea kabla hata mashine haijafika mikononi mwetu, kwahiyo miaka yote tulikuwa tunapiga kwa gia za makadirio, uzi mfupi unaingia vizuri, uzi mrefu unakaba. Kwenye kompyuta hamna gia kabisa. Unafunga enkoda kwenye mkia wa spindeli kwa mkanda wa meno, ile enkoda inaiambia kompyuta spindeli iko wapi kila wakati, na kila ikizunguka mara moja inatoa alama moja ya kuanzia, kompyuta inasogeza kisu kufuatana na spindeli yenyewe ilivyo. Unaandika 2.309 tu. Kesho mtu akija na uzi wa milimita 2 unaandika 2. Henry Maudslay kule Uingereza mwaka 1800 hivi alikuwa anaunganisha spindeli na skrubu kwa gia ili uzi utoke sawa, na hicho kitu hakijabadilika, kilichobadilika ni kwamba gia sa hivi ni hesabu ndani ya programu.

Na hapa nitoe angalizo moja kwa anayetaka kuanza, maana nimeona vijana wananunua vibodi vya bei rahisi vinavyoendesha mashine ndogo za kuchonga mbao wakidhani vitatosha. Ile Grbl ya kawaida, programu inayokaa kwenye vibodi hivyo, haifuati spindeli, haitakukatia uzi. Sisi tuliweka LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine, ni ya bure, ilitokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, zamani ikiitwa EMC, na mtu yeyote anaweza kuifungua kuona ndani. Inataka kompyuta ya mezani, hata ya zamani iliyotolewa ofisini inafaa, laptopu usihangaike nayo maana zinajizimazima vipande vyake vyenyewe kutunza chaji na mapigo ya umeme yanayosogeza mota yanakuwa hayaendi sawa.

Sasa nirudi kwenye chuma. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye amekereza tangu karakana za reli Morogoro, nilipomwambia nataka kuweka kompyuta hakukataa, alisema tu, "Mwanangu, kwanza nionyeshe plei," yaani ulegevu wa skrubu. Akafunga saa ya kupimia kwenye kigari kinachobeba kisu, akashika hendo ya kisu akaizungusha mbele kidogo akairudisha nyuma, mshale wa saa haukutikisika mpaka hendo imepita robo milimita. "Hiyo kompyuta yako itajua hii?" Nikamwambia itajua, kwenye programu kuna sehemu ya kuandika ukubwa wa plei yenyewe inafidia. Akanyamaza.

Kwa kiasi nilikuwa sahihi, na kwa kiasi kikubwa nilikosea. Kwenye kukereza moja kwa moja nguvu ya chuma inasukuma kisu upande mmoja muda wote, kwahiyo plei imebanwa na huioni. Tulipojaribu kukereza kichwa cha duara kama tufe, pale juu kabisa ambapo kisu kilikuwa kinatoka nje kisha kinageuka kuingia ndani pakatokea mstari, ukipitisha ukucha unaushika, kwa sababu programu ilisogeza skrubu ikamaliza plei lakini chuma nacho kilikuwa kinasukuma meza wakati huohuo. Na kumbuka kwenye lezi kisu kikisogea 0.1 kipenyo kinapungua 0.2, yaani kosa lolote la upande ule linajizidisha mara mbili kwenye kazi. Mzee alipoona ule mstari hakunicheka, alichukua chuma akakizungusha kwenye mwanga akasema hapa programu imefika mwisho wake.

Tukaagiza skrubu za gololi, hizi nati yake ndani ina gololi zinazozunguka badala ya uzi kusuguana na uzi, hatua ya milimita 5. Kazi ya kuzifunga ndo ilikula miezi, sio umeme. Kutoa skrubu ya zamani, kuchonga viti vya beringi, kuhakikisha inaenda sambamba na reli toka mwanzo hadi mwisho, maana ikipinda hata kidogo inabana huku na kulegea kule. Kabla ya hapo tulikwangua reli za kigari kwa mkono, rangi ya bluu, kwangua, paka, kwangua, wiki tatu. Na nasema kwa nguvu zote, ukikuta fundi anakuambia anakubadilishia lezi yako kwa siku mbili anafunga mota juu ya hendo basi, mwambie akupishe. Reli iliyolika katikati, karibu na chaki, yale mataya yanayoshika kazi, ambako kazi zote hufanyika, hakuna kompyuta itakayoinyoosha, itakukerezea bushi yenye mdomo mpana upande mmoja kila mara, kwa uaminifu mkubwa.

Umeme sasa. Hapa alinisaidia binti wa shangazi yangu, amesoma kompyuta chuo hapahapa, alikuja likizo akaona tunahangaika akasema "kaka, niachie hiyo." Mota za stepa, zinazosogea hatua kwa hatua, hatua zake ni 200 kwa mzunguko, draiva, kifaa kinachoendesha mota, tukaiweka igawanye kila hatua mara 8 inakuwa 1600, gawanya kwa milimita 5 za skrubu unapata mapigo 320 kwa milimita moja. Hiyo namba 320 iko kwenye mstari mmoja wa faili, nitairudia baadae. Mwanzo tuliweka stepa za kawaida ambazo zikizidiwa zinaruka hatua na hakuna anayejua, kompyuta inaamini kisu kiko pale kumbe kiko kwingine, tukaharibu shafti ya mteja tukamlipa. Tukabadilisha tukaweka zenye enkoda nyuma, zikizidiwa zinasimama na kupiga kelele.

Tukapata shida nyingine ambayo ilitusumbua wiki nzima. Mashine inasimama yenyewe katikati ya kazi inasema imegonga swichi ya mwisho wa reli, ukiangalia iko katikati kabisa. Kumbe ni inveta, kifaa cha kubadilisha mwendo, ya mota kubwa ya spindeli, sisi tuna umeme wa njia tatu, ile inveta inatoa kelele ya umeme inayoruka kwenye nyaya za swichi zilizopita jirani. Tukatenganisha nyaya, za nguvu upande huu, za ishara upande ule, za ishara tukaweka zenye kava la waya na kava likashikwa ethi upande mmoja tu. Ikaisha. Ningekuwa nimenunua mashine iliyofungwa ningekuwa bado napiga simu nje.

Kukatika umeme ndo wengi wananiuliza, na kwa kweli ndo hofu niliyokuwa nayo mimi mwenyewe. Ukiwa unakata uzi umeme ukaondoka, kwenye mashine nyingi kisu kinasimama ghafla huku chuma bado kinazunguka kwa uzito wake, uzi wote unaliwa na kisu kinavunjika. Sisi kompyuta na draiva za mota ndogo tumeziweka kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, mota kubwa ya spindeli tumeiacha kwenye umeme wa kawaida. Umeme ukiondoka spindeli inapungua mwendo polepole, enkoda bado iko hai, kompyuta bado iko hai, kisu kinaendelea kuifuata spindeli kwa hatua ileile hadi vyote viwili vinasimama pamoja. Unarudisha kisu nyuma, unasubiri. Umeme ukirudi, kama hujafungua kazi kwenye chaki, unaanzia pale pale kwa ile alama ya enkoda. Mara ya kwanza tumeliona hilo likitokea kweli, sio kwa majaribio, ilikuwa usiku kidogo tunakata uzi wa bomba la kisima, giza likaingia tukasikia tu spindeli inaimba inashuka, inashuka, kimya. Tukawasha tochi ya simu. Uzi mzima. Mzee alishika lile bomba muda mrefu bila kusema kitu.

Swichi ya dharura hiyo iwe ya waya, ikate umeme wa draiva na spindeli kwa rilei moja kwa moja, isipite kwenye programu. Lezi ya mkono inaenda pale mkono wako unapoipeleka, hii inaenda yenyewe, na ufunguo wa chaki ukiachwa ndani kompyuta haitautoa. Sina zaidi ya kusema hapo, fanya tu.

Vumbi la Dodoma nalo ni mada. Skrubu ya gololi haipendi vumbi hata kidogo, na kuanzia mwezi wa saba upepo ukianza hapa kila kitu kinakuwa chekundu, vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusaga chuma. Makava ya kununua tuliyoona yalikuwa hayatufai saizi, tukakata tyubu ya gari tukashona kama akodioni, na mwisho wa nati tukaweka kipande cha kitambaa kizito cha sufu kilicholowa mafuta kinachofuta skrubu kila inapopita. Huu mwaka wa pili, tumefungua kuangalia, gololi ziko safi.

Sasa ile 320. Mwaka huu mwezi wa sita, alizeti imepamba moto, wateja wamekaa nje na bushi zao mifukoni, draiva moja ikafa. Moshi kidogo, harufu, basi. Nilifikiria moja kwa moja ile mashine ya turubai. Tukapiga simu Kariakoo, aina ileile haipo, ipo nyingine inayogawanya tofauti, mapigo 2000 kwa mzunguko. Ikapanda basi la usiku, saa 12 asubuhi niko stendi nimeipokea. Binti alikuwa amerudi chuo, akaniambia kwa simu, "kaka fungua faili, tafuta 320, andika 400, maana 2000 gawa kwa 5." Waya nne tano, namba moja. Kabla ya saa 5 asubuhi bushi ya kwanza imetoka, nikaipima kwa maikromita mara tatu kwa sababu sikuamini.

Kwahiyo mtu akiniambia mashine mpya ya kiwandani ni bora kuliko ya kubadilishwa namjibu kweli, kwa uimara, kwa kasi, kwa mlango unaokukinga, kwa kubadilisha kisu, ni bora, na kama una mkataba wa vipande elfu kumi kanunue hiyo na mweke mkataba wa matengenezo na anayeiuza. Lezi yetu haina mlango wa kioo, inakata taratibu, na chuma kigumu kilichojaziwa kwa kuchomelea bado napenda kukianza kwa mkono hadi nivuke lile gamba la juu, na ndo maana hendo za kuzungushia tumeziacha mahali pake. Ila wengi wetu hatuna mkataba huo. Tuna bushi 40 na mvua za mwezi wa 12 zinazoleta kazi za trekta.

Tena kuna kitu kinaniumiza kwenye namna tunavyofikiria haya mambo hapa nchini. SIDO iliundwa 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi vyetu. Makao makuu yamehama kweli, treni ya mwendokasi toka Dar inafika tangu 2024, lakini karakana ikitaka kupiga hatua bado tunawaza kontena tu, kitu kiletwe kimekamilika. Wakati huohuo vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wanajua kukereza, vijana wanaotoka vyuo vya kompyuta wanajua kuandika programu, na hawajawahi kukaa meza moja. Kwetu walikaa kwa bahati tu, kwa sababu ya undugu na likizo. Nilichokiona mzee wa miaka 70 akimweleza binti wa miaka 22 kwa nini chuma kinasukuma kisu, na binti akimweleza mzee kwa nini namba lazima iwe na nukta sio mkato, sijakiona kwenye darasa lolote nililopita. Natamani kila chuo cha ufundi kiwe na lezi moja kongwe iliyofunguliwa, mota zinaonekana, nyaya zinaonekana, mwanafunzi anaruhusiwa kuiharibu na kuitengeneza.

Yule mwenye mashine ya turubai nilimfuata wiki iliyopita. Nilimwomba tufungue ile kontrola tuitoe yote, tuache chuma, spindeli na mota zake, sisi tuweke draiva tunazoweza kununua na kompyuta ya mezani na ile programu ya bure. Ana wasiwasi, anasema waranti itakufa, nikamwambia mzee wangu waranti ilishakufa na turubai lenyewe limechanika. Amesema atafikiria hadi mwisho wa mwezi. Nimeshapima nafasi ya kabati la umeme, enkoda yake ya spindeli ni nzima, niliizungusha kwa mkono nikaona mapigo kwenye kipimo.